Big, large au great? Kuchagua neno la ukubwa kwa Kiingereza bila kubahatisha

Mwandikie mgeni kwa Kiingereza kwamba mzee fulani wa Rungwe ni mtu mkubwa. Ukiandika "a big man", msomaji ataona mtu wa miraba minne, au, kama ameishi Afrika, ataona mheshimiwa mwenye fedha na gari la vioo vyeusi. Ukiandika "a large man", ataona mzee mnene, na hapo umeshausema mwili wake, ingawa kwa adabu. Ukiandika "a great man", mwili unatoweka kabisa na anabaki mtu aliyesuluhisha ugomvi wa mashamba, aliyesomesha watoto wasio wake, ambaye siku ya msiba wake maduka yalifungwa. Kamusi nyingi za mfukoni zinakupa maneno yote matatu kwenye mstari mmoja, yametenganishwa na mkato tu, kana kwamba unaweza kufumba macho ukachukua lolote.

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuhariri Kiingereza cha watu wengine: matangazo ya nyumba za wageni, barua za vyama vya ushirika kwa wanunuzi wa kahawa na parachichi, ripoti za miradi, barua za vijana wanaoomba kazi. Makosa ya sarufi siku hizi si mengi kama watu wanavyodhani, maana simu inayasahihisha yenyewe. Kinachoponyoka ni maneno ya ukubwa. Sentensi inakuja imenyooka, kila herufi ipo mahali pake, lakini mwenye lugha akiisoma anatabasamu pale ambapo hakutarajiwa kutabasamu.

Wengi hulitafuta jibu kwenye vipimo. Wanadhani "big" ni kubwa, "large" ni kubwa kidogo zaidi, "huge" ni kubwa mno na "enormous" inapita hapo. Kwa maneno ya mwisho mwisho kuna ukweli kidogo, tutafika. Lakini "big" na "large" hazizidiani hata sentimita moja. Nyumba ileile inaweza kuitwa hivi asubuhi na vile jioni. Kinachobadilika ni kazi anayoifanya msemaji. Je, anapima? Anaeleza alivyoguswa? Au anakipa kitu cheo? "Large" ni neno la mtu anayepima. "Big" ni la mtu anayezungumza, kitu kikiwa kimemgusa. "Great" ni la mtu anayetoa cheo. Ukijiuliza swali hilo moja kabla ya kuandika, sehemu kubwa ya utata imekwisha.

Na Mswahili ana bahati, kwa sababu nusu ya tofauti hiyo anaitumia kila siku bila kufundishwa na mtu. Barabara kubwa na barabara kuu si kitu kimoja. Barabara kubwa ni pana. Barabara kuu inaweza kuwa nyembamba, yenye viraka na foleni ya malori kama hii yetu ya kwenda Tunduma, lakini ndiyo iliyopewa daraja. Mwalimu mkubwa ni mwenye umbo au umri. Mwalimu mkuu ndiye anayesaini. Ile -kuu yetu, katika sikukuu, katibu mkuu na makao makuu, ni jirani wa karibu sana wa "great". Usiichanganye tu na kuukuu, ambayo itakupeleka kwenye viatu vilivyochakaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Iringa. Kuna mito miwili yenye jina moja, Ruaha Mkuu na Ruaha Mdogo. Huu mdogo unateremka kutoka nyanda za Mufindi na kupita pembeni ya mji wa Iringa. Ule mkuu unakusanya maji ya vijito vya milima ya Poroto na Kipengere, unatanda kwenye bonde la Usangu, unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kufika bwawa la Mtera. Kwenye ramani za Kiingereza mito hii ni Great Ruaha na Little Ruaha. Hutakuta Big Ruaha wala Large Ruaha. Tangu miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Unabaki mchanga na madimbwi machache ambamo viboko wanabanana. Mto ukiwa mkavu hivyo, mwenye futi kamba hawezi kuuita "large". Bado ni Great Ruaha, kwa sababu cheo hakikauki.

Hata jina Great Britain, ambalo watu wengi huliona ni majigambo ya Waingereza, lilianza kwa sababu kama hiyo: kutofautisha kisiwa chao na Brittany, ile rasi ya Ufaransa iliyohesabiwa kuwa Britania ndogo. Ni kama Ruaha mbili. Na ukiwaandikia wageni habari za Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, usije ukaandika "a big chief". Maneno hayo yana harufu ya sinema za zamani za kuchekesha, na makumbusho yake ya Kalenga hayastahili kutangazwa hivyo. Andika "a great chief". Hapo hakuna anayewaza kimo chake.

Maneno haya yamefika kwenye Kiingereza kwa njia tofauti, na hilo linasaidia kueleza tabia zake. "Great" ni la tangu Kiingereza cha kale, na mwanzoni lilihusu kitu kinene, kisicho laini. Ni ukoo mmoja na "gross" ya Kijerumani. "Large" lilitokana na Kifaransa, baada ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066 na kuitwaa Uingereza. Kifaransa chenyewe kililirithi kutoka Kilatini, ambako lilihusu wingi na ukarimu, na Mfaransa wa leo akisema "large" anamaanisha pana. "Big" linaanza kuonekana kwenye maandishi ya kaskazini mwa Uingereza karibu mwaka 1300, na wakati huo lilimhusu mtu mwenye nguvu. Kifaransa kilibaki kwa muda mrefu kuwa lugha ya mahakama na ya watawala kule, hivyo si ajabu kwamba "large" mpaka leo linavaa tai wakati "big" liko mtaani. Wanaisimu Douglas Biber, Susan Conrad na Randi Reppen waliyalinganisha maneno haya matatu mwaka 1998 kwa kuchambua mamilioni ya maneno yaliyoandikwa, na wakakuta kwamba kwenye maandishi ya kitaaluma "large" linaiacha "big" mbali, likiandamana zaidi na nomino za idadi na kiasi.

Ndiyo maana mitumba ya Mwanjelwa ina S, M, L na XL shingoni. Hiyo L ni "large". Hakuna shati lenye B, kwa sababu lebo haina hisia, lebo inapima. Ukishaona hivyo, utaelewa kwa nini ni "a large number of farmers", "a large amount of fertilizer", "a large area", "on a large scale". Popote penye idadi, kiasi, eneo, asilimia au kiwango, "large" ndilo la kwanza kufikiriwa, hasa ukiwa unaandika ripoti. "A big number of farmers" inaeleweka, lakini inasikika kama mtu anayesimulia kijiweni, na mfadhili anayeisoma hatakwambia, ataiona tu.

Chukua barua ya chama cha wakulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe kwenda kwa mnunuzi wa Ulaya. Kwa kawaida huwa wanaandika "We have big avocados." Mnunuzi anatabasamu, maana hayo ni maneno ya kupanga matunda kwenye sahani ya plastiki na kuita wateja. Parachichi za aina ya Hass zinakwenda Ulaya kwenye katoni za kilo 4, na namba ya saizi ni idadi ya matunda yanayojaza katoni hiyo. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo tunda ni kubwa: saizi 12 ni tunda la gramu 300 na kitu, saizi 24 halifiki gramu 180. Barua yenye akili inasema "large fruit, mainly sizes 12 to 16". "Large" imekaa vizuri kwa sababu nyuma yake kuna mzani. Kahawa nayo ni hivyohivyo. Daraja la AA ni punje zinazobaki juu ya chekeche namba 18, lenye matundu ya karibu milimita 7. Ni "large beans", na kila aliyesimama kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa kule Mbozi anajua kwamba hapo hakuna anayekisia kwa macho.

Kuna ukubwa ambao hakuna neno kati ya haya linaloufaa, na mfano wangu ni lumbesa. Mtu ameandika "big sacks of potatoes" akilalamikia wachuuzi wanaonunua viazi kule Makete na Isyonje. Anayesoma London anaelewa magunia makubwa na anajiuliza tatizo liko wapi. Ubaya wa lumbesa hauko kwenye ukubwa wa gunia. Gunia ni lilelile, ila limeongezewa kilemba juu, likashonwa kwa kamba na kupita kilo 100, wakati mkulima analipwa bei ya gunia moja. Andika "overfilled sacks" na uongeze sentensi moja ya maelezo. Mara nyingi tatizo la kuchagua kivumishi ni kwamba kivumishi chenyewe hakihitajiki.

Sasa "big". Hili ndilo neno la midomoni, na linafanya kazi nyingi kuliko ukubwa wa kuonekana. Uamuzi ni "a big decision", kosa ni "a big mistake", siku ya harusi ni "a big day", tatizo ni "a big problem". Ukiweka "large" hapo, sentensi inavunjika: "a large mistake" linamfanya msomaji ajiulize ulilipima kwa kilo au kwa futi. "Big" pia linasema mtu anafanya jambo kwa wingi. Anayekula sana ni "a big eater", anayeshabikia timu kupita kiasi ni "a big fan", anayemwaga hela baa ni "a big spender". Mlevi wa kupindukia, kwa bahati mbaya, ni "a heavy drinker". Wa kusoma vitabu anaweza kuwa "a great reader". Hapa hakuna kanuni ya kukuokoa. Ni mazoea ya lugha, na unayachukua kama yalivyo.

Kwenye familia ndiko "big" linakowaponza vijana wanaoandika habari zao. Kaka mkubwa ni "big brother" au "older brother", na hapo Kiswahili na Kiingereza vimepatana, hata kama huyo kaka ni mfupi kuliko wewe. Lakini mama mkubwa si "big mother", wala baba mdogo si "small father". Mama mkubwa ni "aunt", baba mdogo ni "uncle", na Kiingereza hakijali sana nani alitangulia kuzaliwa. Ukiona umri huo una uzito kwenye habari yako, eleza kwa sentensi nzima: "my mother's elder sister". Mdogo wako ni "younger brother" au, kwa mapenzi, "little brother". "Small brother" huku kwetu inaeleweka na kila mtu. Ikivuka mpaka, inageuka kuwa maelezo ya kimo.

Eneo jingine lenye mashimo ni urefu. Neno -refu la Kiswahili ni mchapakazi wa ajabu: mti mrefu, kamba ndefu, kisima kirefu, mlima mrefu, hotuba ndefu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Tall" ni la kitu kilichosimama juu ya kitako chake na ambacho kimo chake kimezidi upana: watu, mipaini ya Sao Hill, minara ya simu, maghorofa, zile nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua pale Isimila. "High" linaangalia umbali kutoka chini kwenda juu, au mahali kitu kilipo: dari, wingu, rafu ya juu, ukuta, mlima. Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ni "a high mountain". Mtu akisema "tall" hatakamatwa, lakini waandishi wengi wanachagua "high". Kwa binadamu hakuna uchaguzi. Mtu ni "tall" tu. Kijana aliyeandika "My father is very high" alikuwa anamsifu baba yake kwa kimo, na msomaji akaelewa kwamba mzee amevuta kitu.

Kisima kirefu ni "deep". Ziwa Nyasa ni "long" kwa zile karibu kilomita 580 za kutoka kaskazini kwenda kusini, na ni "deep" kwa kina chake kinachofika karibu mita 700. Kwa Kiswahili ungeweza kuchanganya vyote viwili ndani ya "refu" na msikilizaji akakuuliza refu kwenda wapi. Halafu kuna Kitonga. Madereva wanauita mlima mrefu, na kweli unachosha, lakini "a high mountain" haimwambii mgeni kinachomsubiri. Kinachotisha Kitonga ni mteremko na kona, kwa hiyo ni "a long, steep climb", na anayeteremka na lori la shaba kutoka Zambia ataongeza maneno yake mwenyewe. Upana hausumbui sana. Barabara, mto na mlango ni "wide". Mabega ni "broad", na mchana kweupe ni "broad daylight".

Kwenye udogo nako kuna jozi ya kuangalia, "small" na "little", na hapa watu wa nyanda za juu tuna faida ambayo mwenzetu wa Pwani hana. Sisi tunasema kamji, kamvua, kanyumba, kamradi. Walimu wa Kiswahili wanakunja uso, lakini hiyo ka- tumeitoa kwenye Kinyakyusa, Kihehe na lugha jirani zao, na inabeba kitu ambacho "mdogo" haibebi. Mtu wa Tukuyu akisema kamvua kamenyesha, hajapima milimita, anakwambia anavyoichukulia. "Little" ndiyo ka- ya Kiingereza. "A small hotel" ni hoteli yenye vyumba vichache, basi. "A little hotel" ni kahoteli, na hapo sauti yako imeshaingia: huenda unaipenda, huenda unaidharau, na maneno ya jirani ndiyo yataamua. "A nice little garden" ni mapenzi. "Your little project" ni kamradi kako, na anayeambiwa hivyo ana haki ya kununa. Ukitaka kutokuwa na upande, "small" ndiyo salama. Tena "little" hupenda kukaa mbele ya nomino. Chumba kikiwa kidogo sema "the room is small", na kikiwa kidogo zaidi ni "smaller".

Halafu kuna herufi moja inayoweza kukupotezea mkopo. "I have a little money" maana yake nina hela kidogo, angalau kuna pa kuanzia. "I have little money" maana yake sina hela ya maana. Kiswahili kinatofautisha kwa sauti, au kwa kuongeza "tu", au kwa kuvuta midomo. Kiingereza kimeitundika tofauti yote kwenye hiyo "a". Nimeona maombi ya mtaji ambamo mwombaji alitaka kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ana akiba ya kuanzia, akaandika "We have little capital and little experience", na hivyo akawa amejikatalia ombi lake mwenyewe kabla halijafika mezani kwa mtu. Wakulima wadogo, ambao ripoti zetu zimejaa habari zao, ni "smallholder farmers" au "small-scale farmers". "Little farmers" ni watoto wanaocheza shambani.

Tukipanda kwenye ukubwa wa kupindukia, ndipo ile ngazi inapokuwa na ukweli. "Huge" na "enormous" zinapita "big", na kwa kuwa ndani yake "sana" imeshajumlishwa, haziongezwi tena "very". "Very huge" ni kosa tunalolipenda kweli. Ukitaka kukazia, tumia "absolutely enormous", au acha neno lifanye kazi yake. Kinachotenganisha yaliyobaki ni aina ya ukubwa. "Vast" ni la eneo linalotanda mpaka macho yanachoka. Asili yake ya Kilatini ni utupu na ukiwa, na linakaa vizuri juu ya tambarare za Usangu, halikai juu ya tembo. "Massive" lina uzito ndani yake. Kimondo cha Mbozi hakizidi sana urefu wa mita 3, yaani ni kifupi kuliko gari dogo, lakini ni chuma cha tani zinazokadiriwa kuwa 16. Kukiita "vast" ni kichekesho, "massive" ndiyo penyewe. "Immense" maana yake ya asili ni kisichopimika, hivyo huenda vizuri na mambo yasiyoshikika kama subira au utajiri. "Tremendous" linatokana na kutetemeka, na limebaki na vishindo, juhudi na msaada. Ukisoma "a tremendous cupboard" jua mwandishi alifungua kamusi ya visawe akachagua neno refu kuliko yote.

Neno "jumbo" nalo lilipata umaarufu wake kwa tembo wa Afrika aliyefikishwa London mwaka 1865 na kuuzwa kwa mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum mwaka 1882. Wapo wanaolihusisha jina lake na jumbe au jambo, na wapo wanaopinga. Kwa vyovyote, ni neno la matangazo ya sabuni na soseji. Usiliweke kwenye ripoti.

Kosa la gharama zaidi, kwa maoni yangu, ni pale ambapo "kubwa" yetu haina ukubwa ndani yake. Mvua kubwa ni "heavy rain". Sauti kubwa ni "a loud voice". "A big voice" ni sifa ya mwimbaji wa kwaya. Bei kubwa ni "a high price", kasi kubwa "high speed", gharama kubwa "high cost". Mtu mwenye umri mkubwa ni "old" au "elderly". Msongamano mkubwa pale Mafiati ni "heavy traffic". Njia ya kujikagua ni kutafuta kinyume chake kwa Kiingereza. Kinyume cha "high price" ni "low price", basi hapo tuko kwenye mambo ya juu na chini, na "big" haina kazi. Kinyume cha "heavy rain" ni "light rain", basi ni mambo ya uzito. Kama kinyume kinachokujia ni "small", uko kwenye familia ya "big" na "large", na utarudi kwenye swali la kupima au kuguswa.

Miili ya watu naichukulia kwa tahadhari. Huku kumwambia mtu amenenepa mara nyingi ni salamu nzuri. Maana yake maisha yamemkubali. "You have become fat" kwa Mwingereza ni tusi, hata ukitabasamu. Kitabu kinene ni "thick", gogo nene ni "thick", lakini mtu akiitwa "thick" kule Uingereza ameambiwa hana akili. Mwembamba ni "slim" ukimsifu, "thin" ukieleza tu, "skinny" ukimsema. Ukiwa huna uhakika, usiandike chochote kuhusu mwili wa mtu. Barua ya kumtambulisha mgeni rasmi haijawahi kupungukiwa kitu kwa kutotaja unene wake.

Mpangilio hautahitaji maneno mengi: kivumishi cha ukubwa hutangulia cha umri na cha rangi. Bajaji kubwa mpya ya njano ni "a big new yellow bajaji". Ukipindua mpangilio huo kila mtu ataelewa, lakini atajua umejifunzia ukubwani.

Lililobaki ni "the largest" na "the biggest", ambazo wenye kambi na mawakala wa utalii wa Iringa wanazipenda kupita kiasi. Kwenye maandishi ya utalii chagua "largest", kwa sababu unadai jambo linalopimika. Na kwa kuwa linapimika, likague kila mwaka. Baada ya Usangu kuunganishwa nayo mwaka 2008, Hifadhi ya Ruaha ilifika kilomita za mraba zipatazo 20,000 na ilikuwa haki kabisa kuandika kwamba ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania. Mwaka 2019 ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sentensi hiyo ikafa siku hiyohiyo. Bado naikuta kwenye vipeperushi vilivyochapwa juzi. Ninaifuta na kuandika "one of the largest national parks in Africa", ambayo ni kweli na haitapingwa na mgeni mwenye simu mkononi.